Dalali wa Shamba na Ujira Wake

Msimu ukisha na mikeka ikakunjwa, barua za wanachama hubadilika. Wakati wa uchumaji huulizwa khabari za vibarua, magunia na mvua. Msimu ukisha huja masuala ya mali yenyewe. Mmoja ana shamba la urithi mbali na kwake na hana tena nguvu za kulipalilia. Mwengine ana nyumba mjini, na wapangaji wake hawalipi. Bibi mmoja amefiwa na mumewe, watoto wako Unguja na Maskati, na hakuna hata mmoja anayetaka kurudi kuishi na mikarafuu. Wote huishia katika suala moja: nimpe dalali auze? Na nikimpa, atafanya kazi gani na atachukua kiasi gani?

Twaona yafaa tulijibu kwa urefu, kwa sababu mkulima wa karafuu ana udhaifu wake katika jambo hili, na udhaifu huo umetokana na mazoea. Tangu Shirika la Biashara la Taifa (ZSTC) lilipoundwa mwaka 1968, sisi tumezoea bei iliyokwisha pangwa. Mtu hupeleka karafuu zake kituoni, zikapimwa, daraja yake ikatajwa, akapokea fedha na stakabadhi akarudi kwake. Hakubishana na mtu wala hakubembelezwa na mtu. Shamba halina kituo. Bei yake haikubandikwa ukutani. Mtu aliyeuza karafuu miaka arubaini bila ya kupatana bei hata siku moja, huenda siku moja akauza shamba zima, na siku hiyo hukutana na mtu ambaye kupatana bei ndiyo kazi yake ya kila siku.

Neno dalali tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni kuonyesha. Dalali wa zamani alikuwa mtu wa mnada: alisimama mbele za watu, akanadi kwa sauti, na kila mtu alisikia bei inapanda kutoka kwa nani kwenda kwa nani. Mwenye mali alikuwapo, mnunuzi alikuwapo, na ujira wa dalali ulitolewa katika bei iliyosikiwa na wote. Dalali wa leo hunadi katika simu. Anachomwambia mwenye mali na anachomwambia mnunuzi ni mazungumzo mawili, na yeye peke yake ndiye aliyeyasikia yote mawili. Mambo yote nitakayoyaeleza hapa chini yanatoka katika hilo.

Na niseme mapema kwamba sikukusudia kuwatukana madalali. Wako madalali waaminifu, na kazi yao ni kazi khasa. Dalali mzuri huvaa viatu vyake akenda kuliona shamba kabla ya kulitaja kwa mtu. Anawajua watu wenye fedha na anajua nani kati yao ana haja ya kweli na nani anapenda kutembezwa tu. Humwambia mwenye mali maneno asiyopenda kuyasikia. Mtu wa namna hii akilipwa vizuri amelipwa haki yake.

Lakini mimi mwenyewe nimeliwa, na khabari yenyewe ni hii.

Mwaka 2013 mimi na dada zangu wawili tuliamua kuuza shamba la marehemu mama yetu, kaskazini ya Pemba. Mimi nilikuwa nikiishi Unguja, na dada zangu waliniachia shughuli yote. Nikapelekwa kwa dalali mmoja, mtu mwenye heshima zake, mwenye kanzu safi na maneno mazuri. Akaniuliza bei. Nikamwambia, "Isipungue milioni thelathini." Akasema ada yake ni asilimia 5, nami nikakubali bila ya kuuliza zaidi. Nauli ya meli na siku za kukaa nilizihesabu nikaona taabu, kwa hivyo nikampa waraka wa uwakala ili atie saini badala yangu. Baada ya siku arubaini hivi aliniletea fedha zangu, shilingi 30,000,000, nikamhesabia ada yake 1,500,000, tukaagana kwa dua. Tukagawana kama ilivyo sheria ya mirathi, mimi mafungu mawili na dada zangu fungu moja moja.

Mwaka 2015 nilikwenda Wete katika msiba. Tumekaa barazani baada ya maziko, mzee mmoja nisiyemjua akanisogelea, akaniambia kwa upole kuwa yeye ndiye aliyenunua shamba la mama yangu. Akalisifu. Akasema, "Thelathini na sita nilizotoa sizijutii."

Sikuweza kumjibu. Nilikaa nikitazama kikombe cha kahawa.

Milioni sita hizo ndizo zinazoitwa "cha juu". Dalali alikuwa amechukua ada yake kwangu kwa uso mkunjufu, na cha juu amekichukua bila ya mtu kujua. Jumla aliondoka na 7,500,000 katika shamba lililouzwa 36,000,000, yaani zaidi ya moja katika tano. Na mlango nilimfungulia mwenyewe. Nilisema isipungue thelathini. Sikusema ikizidi ni ya nani. Katika ile milioni sita, tatu zilikuwa zangu, na moja na nusu ilikuwa ya kila dada yangu, na mmoja wao mwaka ule ule alikuwa amekopa ili kumlipia mwanawe skuli.

Cha juu na sheria

Nilipomwendea dalali yule hakukana. Alisema cha juu ni desturi ya kazi. Wanachama wengi wataambiwa maneno haya haya, kwa hivyo ni vyema wajue yanasimama wapi.

Sheria ya Mikataba ya Bara Hindi ya mwaka 1872 ndiyo iliyoletwa na Waingereza katika pwani yetu, na sheria za mikataba za huku zilifuata mkondo wake. Ndani yake mna sura nzima ya mambo ya wakala, na dalali uliyemtuma akuuzie ni wakala wako. Kifungu cha 213 kinamlazimisha wakala kutoa hesabu akitakiwa. Kifungu cha 218 kinasema kuwa fedha zote alizozipokea kwa ajili ya aliyemtuma ni lazima azikabidhi, baada ya kutoa anachodai kwa haki. Kifungu cha 220 kinamnyima ujira wakala aliyefanya khiyana katika kazi aliyopewa. Na cha 216 kinahusu wakala anayejifanyia biashara yake katika kazi ya mwengine bila ya mwenyewe kujua: faida aliyoipata, mwenyewe aweza kuidai. Mfano uliotolewa katika sheria yenyewe ni wa nyumba. Mtu amemtuma wakala amnunulie nyumba; wakala akarudi akasema haipatikani, kumbe ameinunua mwenyewe. Aliyemtuma, akijua, aweza kumlazimisha amuuzie kwa bei ile ile aliyoinunulia. Basi msomaji ataona kwamba mambo ya madalali hayakuanza jana.

Kwa nini sikwenda mahakamani? Kwa sababu sikuwa na kipande cha karatasi. Ada ilipatanwa kwa mdomo, na waraka wa uwakala nilioutia saini ulimpa ruhusa ya kuuza "kwa bei atakayoona yafaa". Nilikuwa nimeandika khasara yangu kwa mkono wangu. Na kusema kweli, niliona haya. Mtu mzima, mwenye kusoma na kuandika, kueleza mbele ya hakimu kwamba alimkabidhi mtu shamba la mama yake kwa sababu ya uvivu wa kupanda meli!

Cha juu kina madhara mengine ambayo muuzaji hayaoni. Dalali wa kwanza akiongeza chake, humpa khabari dalali wa pili, naye akaongeza chake, na wa tatu kadhalika. Shamba la milioni thelathini likifika mjini limekuwa la arubaini na mbili. Mnunuzi mwenye kutafuta kwa bidii husikia bei tatu za shamba moja katika wiki moja, akaingiwa na shaka, akadhani mna ugomvi wa mirathi au hati mbili. Hapo humwacha huyo muuzaji, naye mwenyewe nyumbani anashangaa mwezi wa sita unapita na hakuna aliyekuja.

Asilimia gani, na ya nini?

Huku kwetu na bara inayotajwa sana ni asilimia 5 mpaka 10 kwa mali inayouzwa, na kwa nyumba ya kupanga ni kodi ya mwezi mmoja. Hizi ni desturi tu. Ujira wa dalali ni mapatano, na kila mapatano hujadiliwa. Mwanachama mmoja mwenye mwanawe Marekani alituuliza kama huko mambo ni nafuu. Huko kwa miaka mingi desturi ilikuwa muuzaji akatwe asilimia 5 au 6, nusu yake ikenda kwa dalali wa mnunuzi ambaye muuzaji hakumwajiri. Mwezi wa Oktoba 2023 baraza la wazee wa mahakama katika jimbo la Missouri liliamua kwamba wauzaji walidhulumiwa kwa mpango huo, na khasara ikakisiwa kuwa dola bilioni 1.8 hivi. Mwezi wa Machi uliofuata chama kikubwa cha madalali wa nchi ile kilikubali kulipa dola milioni 418 na kubadili kanuni zake. Tangu Agosti 2024 dalali wa mnunuzi, kwa kanuni hizo, hana budi kuandikiana na mteja wake juu ya ujira kabla ya kumpeleka kuona nyumba. Kama watu wa nchi yenye wanasheria wengi kiasi kile walikatwa miaka yote hiyo wakidhani ndiyo kanuni, sisi tusijilaumu kupita kiasi.

Na Uingereza, kwa wale wenye nyumba huko, Sheria ya Madalali wa Nyumba ya mwaka 1979 inamtaka dalali aeleze malipo yake kabla ya mteja kufungwa na mapatano. Huko mna maneno mawili yanayofanana sana. Kwa moja, dalali ni mmoja tu, lakini ukipata mnunuzi mwenyewe huna la kumlipa. Kwa jengine, haki yote ya kuuza ni yake, na hata ukimuuzia jirani yako aliyebisha hodi, dalali anakudai. Tofauti hiyo hata huku yafaa iandikwe, kwa kuwa mashamba yetu mengi huishia kununuliwa na mtu wa mpakani au wa ukoo, na dalali hakuwa na sehemu katika hilo.

Sasa nataka wanachama waniazime macho katika hesabu ndogo, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo siri ya tabia ya dalali. Tuseme ada ni asilimia 5, na mnunuzi wa kwanza ametoa 30,000,000. Mkingoja miezi miwili zaidi huenda mkapata 32,000,000. Kwako wewe tofauti ni 1,900,000, fedha ya kutosha kuezeka nyumba. Kwa dalali tofauti ni 100,000, na kwa ajili yake atembee miezi miwili tena, apige simu na alipe nauli. Bila shaka atakuja kukushauri uchukue ya mkononi. Wala si mwongo; anahesabu chake kama wewe unavyohesabu chako. Wataalamu wawili wa Marekani, Steven Levitt na Chad Syverson, walilichungua jambo hili katika mauzo ya nyumba karibu 100,000 pande za Chicago, na utafiti wao ukachapwa mwaka 2008. Walikuta kwamba madalali wakiuza nyumba zao wenyewe huziacha sokoni siku 9 au 10 zaidi kuliko za wateja wao, na hupata bei iliyozidi kwa asilimia 3.7 hivi. Katika nyumba yake mwenyewe dalali hangoji asilimia 5 ya nyongeza. Nyongeza yote ni yake.

Kwa hivyo dawa ya cha juu, kwa maoni yangu, si kukipiga marufuku. Kikipigwa marufuku kitarudi usiku. Dawa ni kukitoa nje kikaonekana. Mpe dalali ada ndogo mpaka bei mliyoikisia, kisha mpe sehemu kubwa zaidi katika kila kinachozidi. Kwa mfano wa shamba la mama yangu: asilimia 3 ya ile milioni thelathini ya kwanza, yaani 900,000, na moja katika tano ya kinachozidi. Lingeuzwa 36,000,000, dalali angepata 900,000 na 1,200,000, jumla 2,100,000 za halali, na sisi wenye mali tungebaki na 33,900,000. Tulizozipata ni 28,500,000. Tofauti ni 5,400,000. Nimeifanya hesabu hii mara nyingi kuliko inavyofaa.

Wako watakaosema dalali hatakubali. Wengine hawatakubali, ni kweli. Lakini dalali anayekataa kupewa moja katika tano ya kila shilingi inayozidi, nawe umuulize moyoni mwako alikuwa akitaraji kupata ngapi.

Kuitangaza mali

Wanachama wengi hudhani kazi ya dalali ni kujua watu. Kujua watu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuijua mali, na hapo ndipo pesa nyingi zinapopotea, kwa sababu shamba la mikarafuu halitangaziki kama kiwanja. Picha tatu za kichaka zilizopigwa magharibi, na chini yake "shamba zuri, bei maelewano", zikarushwa katika makundi ya WhatsApp, hazimwambii mnunuzi kitu. Anayenunua mikarafuu anataka kujua miti ni mingapi na ina umri gani. Mkarafuu hukaa miaka sita hivi au zaidi ndipo uanze kuzaa, na mti ulioanza juzi si sawa na mti wa babu. Anataka kujua mapengo ni mangapi, na kama miti iliyokufa imekufa kwa uzee, kwa ukame, au kwa yale maradhi ya kufa ghafla tunayoyajua sote. Anataka kujua gari hufika wapi na magunia yabebwe kichwani kutoka wapi, na kama pana uwanja wa kuanikia usiotuama maji.

Zaidi ya yote anataka kujua mavuno, na hapa mkulima wa karafuu ana silaha ambayo mwenye minazi au mihogo hana. Ana stakabadhi za kituo. Mikarafuu huzaa kwa zamu, mwaka wa neema hufuatwa na mwaka wa uhaba, kwa hivyo mavuno ya mwaka mmoja hayana maana. Muuzaji atataja mwaka wa neema na mnunuzi atautilia shaka. Stakabadhi za misimu minne au mitano zilizofungwa pamoja kwa uzi humaliza ubishi. Tena zinataja karafuu kavu, na hilo ni muhimu, maana mtu mwengine husema kilo alizochuma mbichi, na sote twajua kilo tatu mbichi hazitoi zaidi ya moja kavu au karibu yake. Dalali akiweza kumwonyesha mnunuzi karatasi hizo, hana haja ya kuapa. Mpe nakala, za asili zibaki kwako, na hati kadhalika.

Kwa hivyo kabla ya kumwita dalali, nenda shambani ukahesabu miti. Mwenyewe, kwa miguu yako, na mtoto wa kutia alama ya chokaa ili mti usihesabiwe mara mbili. Mimi nilimwambia dalali miti mia na ishirini kwa sababu ndivyo alivyokuwa akisema mama. Hiyo ilikuwa hesabu ya miaka ya nyuma, na sijui mpaka leo yule mzee wa Wete alikuta mingapi.

Jihadhari pia na dalali anayekutajia bei kubwa mno. Madalali watatu wakija, wa kwanza akasema 28, wa pili 30, na wa tatu 45, moyo wa mwenye mali humwendea wa tatu. Lakini yeye hanunui; kutaja 45 hakumgharimu kitu. Amekwisha kukufunga, na baada ya miezi mitatu atakuja kwa huzuni akwambie soko limelala, tuteremshe. Muulize ameuza mashamba mangapi ya mikarafuu, wapi, na yalimalizikia bei gani. Bei iliyotangazwa si khabari. Khabari ni bei iliyolipwa. Muulize kama anawatoza watu ada ya kwenda kuonyeshwa shamba. Wengi wanatoza, na mnunuzi aliyetozwa mara mbili kwa kuonyeshwa vichaka hatakuja mara ya tatu, hata kama ya tatu ni kwako. Na muulize kama mnunuzi naye atamlipa. Si haramu kulipwa na pande mbili ikiwa pande zote mbili zimejua.

Mwambie pia aweke daftari la waliokuja: jina, siku, na bei waliyotaja. Daftari hili linamlinda na yeye, maana sisi wenye mali nasi tuna khiyana zetu. Wako watu wanaongoja dalali atembee jua kali amlete mnunuzi, kisha usiku mwenye mali na mnunuzi huitana wakamalizana wao kwa wao ili wamtoe dalali nje. Sioni tofauti kati ya huyu na aliyenila mimi milioni sita. Mapatano ya haki ni kwamba mtu yeyote aliyeandikwa katika daftari, akinunua ndani ya miezi sita, ujira wa dalali uko pale pale.

Mambo ambayo dalali hawezi kuyafanya

Dalali hawezi kuuza kitu ambacho wewe huwezi kukiuza. Hili lasikika jepesi, lakini limewaingiza watu katika kesi za miaka. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma. Anachokuwa nacho mtu, kwa Sheria ya Ardhi nambari 12 ya mwaka 1992, ni haki ya kuitumia, na hapa kwetu miti huweza kuwa na mwenyewe mbali na mwenye ardhi. Andika unauza kipi. Mashamba ya eka tatu yaliyogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964 yalitolewa kwa masharti ya kuyatumia, si kuyafanya bidhaa. Mwenye shamba la namna hiyo aanzie ofisi ya ardhi, asianzie kwa dalali. Shamba la wakfu ni jambo la Kamisheni ya Wakfu. Na shamba la mirathi isiyogawanywa haliuzwi na ndugu mmoja kwa kuwa ndiye aliyekaa nalo, hata dalali akisema "wengine wataridhika baadaye". Mnunuzi mwenye akili atataka saini za warithi wote, na atakuwa na haki.

Tena, Sheria ya Uhaulishaji Ardhi ya mwaka 1994 iliweka bodi ya kuchungua ardhi inapohamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mwengine. Maana yake kwa jambo letu ni kwamba siku ya arabuni si siku ya kuuza. Dalali wengi hutaka ujira wao utoke katika arabuni, siku ile ile. Usikubali. Biashara ikiharibika baada ya hapo, mnunuzi atakudai wewe arabuni nzima na dalali amekwisha kula chake. Ujira ulipwe shughuli ikikamilika na fedha yote ikiwa imeingia. Na arabuni ipokee mwenyewe, au ipitie benki kwa jina lako, kwa stakabadhi. Isipitie mfuko wa dalali hata kwa usiku mmoja.

Na karafuu zilizo mtini siku ya kuuza ni za nani? Waandikieni. Nimeshuhudia watu wawili wazima, muuzaji na mnunuzi, wote wamepeleka wachumaji na ngazi zao asubuhi moja katika shamba moja.

Waraka

Dada yangu mdogo alikuwa na nyumba Chake Chake, na mwaka 2019 alitaka kuiuza. Safari hii hakuniachia mimi. Alimwita dalali, mtu mwengine kabisa, akamwekea chai, akamsomea karatasi moja aliyoiandika kwa mkono wake. Nitaieleza, kwa sababu mwanachama aweza kuibadili kidogo akaitumia kwa shamba.

Ilisema kwamba fulani anamtuma fulani kumtafutia mnunuzi wa nyumba yake, kwa muda wa miezi minane, na baada ya hapo kila mmoja yuko huru. Bei anapanga mwenye nyumba, na kila bei itakayotajwa na mtu yeyote ataambiwa siku ile ile. Fedha yote atakayotoa mnunuzi ni ya mwenye nyumba, ndogo au kubwa, na dalali hana chake ila kilichoandikwa humu. Ujira ni asilimia 3 mpaka bei waliyoikubali, na moja katika tano ya kinachozidi. Utalipwa siku fedha itakapokamilika, si kabla. Mwenye nyumba akipata mnunuzi mwenyewe, asiyekuwamo katika daftari, hadaiwi kitu. Dalali akimshirikisha dalali mwengine, atamlipa katika fungu lake. Dalali hatatia saini kwa niaba ya mwenye nyumba, wala hatapokea fedha. Chini yake saini mbili, mashahidi wawili na tarehe, nakala kwa kila mmoja.

Dalali yule aliisoma mara mbili. Akataka miezi minane iwe kumi, na asilimia 3 iwe 4. Dada yangu akampa miezi kumi, na asilimia wakakutana katika 3 na nusu. Nyumba ilikaa miezi saba. Kila Ijumaa ya pili dalali alipita na daftari lake. Walikuja watu tisa. Wa sita alitaja bei iliyofika, na dalali mwenyewe ndiye aliyesema wangoje. Aliyenunua ni wa tisa, kwa bei iliyozidi ya yule wa sita. Siku ya kulipana tulikaa wanne barazani kwa dada yangu: yeye, mimi, mnunuzi na dalali. Fedha ilikuwa imekwisha kuingia benki. Dada yangu akamhesabia dalali ujira wake pale pale mbele ya mnunuzi, akamtaka atie saini katika karatasi ile ile, naye akatia.